Kuvaa kilti siku ya Jumanne

Siku ya kwanza nilipotoka na kilti, ile nguo ya wanaume wa Uskoti inayofanana na sketi, mtaani Glasgow, niliivaa kinyume. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia ndani ya msuli, na msuli mikunjo yake hukaa mbele, pale unapoukaza kiunoni. Kwa hiyo nilipoiona ile nguo upande mmoja umenyooka na upande wa pili una marinda (wenye kucheka wacheke, ndilo jina lake), mkono ulinipeleka nilikozoea. Nikasimama kituo cha basi nikijiona bwana harusi, mpaka mzee mmoja mwenye mfuko wa viazi akanisogelea na kuninong'oneza: "Rafiki, marinda huwa nyuma." Kisha akanipa mgongo, akafungua mwavuli wake na kuushika kama pazia mpaka nilipomaliza kuizungusha.

Hiyo ilikuwa 2019. Tangu hapo naivaa siku mbili tatu kila wiki: ofisini (mimi mhasibu, kwenye meza yangu hakuna anayeiona miguu), sokoni, kwenye basi. Vijana wetu wanaokuja kusoma huku huniuliza mambo yale yale, basi leo nayaandika yote mahali pamoja.

La kwanza, usinunue seti nzima. Wageni wengi huingia dukani wakatoka na kila kitu: koti fupi la vifungo vya kung'aa, mkoba wa manyoya wa mbele uitwao sporran, soksi nyeupe, viatu vya kamba ndefu za kuzungusha mguuni, na kile kisu kidogo cha kwenye soksi, sgian dubh. Hayo ni mavazi ya harusi. Ukienda nayo kununua maziwa, watalii watakuomba picha. Niliwahi kuombwa mara tatu katika mtaa wa Buchanan kabla sijafika nilikokuwa nikienda, na mmoja alitaka kujua onyesho linaanza saa ngapi.

Kinachoigeuza kilti kuwa nguo ya Jumanne ni vile unavyoviacha nyumbani. Mimi navaa fulana au sweta la rangi moja, mkanda mpana, buti za kawaida, na soksi nene za sufu nilizozishusha hadi juu kidogo ya buti. Sporran yangu ni ya ngozi tupu, haina manyoya wala minyororo. Inakaa kiasi cha upana wa kiganja chini ya bizimu ya mkanda, na ndani yake mna simu, funguo na kadi ya basi. Kisu sikibebi. Sheria ya Uskoti inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa, lakini mtu anayekwenda kununua vitunguu anakihitajia nini?

Ukitaka kuona kwamba wenyewe huivaa hivyo hivyo, watazame mashabiki wa timu ya taifa ya Uskoti, wanaojiita Tartan Army: jezi, kilti, buti, wamemaliza. Pale Edinburgh mshonaji Howie Nicholsby ana miaka mingi akishona kilti za jinzi, na mwenyewe huzivaa siku zote. Na huko Seattle, Marekani, tangu 2000 kuna kampuni ya Utilikilts inayoshona za pamba nzito zenye mifuko mikubwa kama ya suruali za mafundi.

Tena asili yake ilikuwa nguo ya kazi. Kilti ya zamani ya watu wa milimani huko Uskoti ilikuwa kitambaa kirefu kilichokunjwa na kufungwa mkanda, na sehemu ya juu ikatupwa begani. Mtu wa kwetu angeiona angesema huyu kapiga lubega. Hii fupi ya leo ilikuja karne ya 18. Baada ya waasi wa milimani kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, Bunge la London lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na watoto wa kiume wa huko kuivaa, isipokuwa waliokuwa jeshini. Kosa la kwanza lilikuwa jela miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria ilifutwa 1782. Kisha 1822 Mfalme George IV akazuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akazisimamia shamrashamra, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Nguo iliyokuwa ya mchungaji ikapanda daraja na kuwa ya karamu. Kwa hiyo mtu akikutazama kwa mshangao kwa kuwa umeivaa dukani, ujue anaifahamu ile ya 1822 tu.

Sasa vipimo, mahali ambapo pesa yangu ilipotelea. Niliagiza kwa mtandao nikaandika kiuno inchi 34, kwa sababu ndicho kipimo cha suruali zangu. Kilti haikai pale suruali inapokaa. Inakaa kitovuni, na kitovuni mimi ni inchi 37. Ilipofika, mikanda yake ya ngozi haikuzifikia bizimu hata nilipovuta pumzi mpaka macho yakanitoka. Duka halikukubali kuirudisha, na kwa haki, kosa lilikuwa langu. Jipime kwa futi ya fundi kuzunguka kitovu, kisha makalio pale yalipojaa zaidi, kisha urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya goti. Ukishaivaa, piga magoti mgongo ukiwa wima: pindo linatakiwa kukaribia sakafu bila kuilalia. Ikishuka chini ya goti utaonekana umeazima ya kaka yako.

Kuhusu kitambaa, kilti kamili ya sufu hula yadi 8, yaani zaidi ya mita 7, na karibu zote ziko kwenye marinda ya nyuma. Uzito wa kitambaa wanauhesabu kwa wakia kwa kila yadi. Cha wakia 16 kinakupa nguo ya karibu kilo mbili. Cha wakia 11 ni chepesi, na mgeni hukipenda akidhani amepata nafuu. Hajakutana na upepo wa Glasgow. Ngazi za treni ya chini ya ardhi ndizo mbaya zaidi, maana treni ikija inausukuma upepo wote wa handaki kuja kwako. Sufu nzito hutulia kama pazia la msikitini; nyepesi hupaa. Kama mfuko hauruhusu, uliza maduka yanayokodisha nguo za harusi, kwani huuza zilizokwisha kukodishwa. Yangu ya pili niliipata hivyo kwa paundi 95, na ndiyo nilivaa jana.

Rangi zisikusumbue. Watu husema kila ukoo una mistari yake na mgeni hana haki nayo. Koo nyingi kweli zina tartan zao, yaani hiyo mistari ya rangi inayokatana kwenye kitambaa, na tangu 2009 kuna rejesta rasmi ya serikali ya kuziandikisha, lakini hakuna sheria inayokuzuia kuvaa uipendayo. Yangu ni Black Watch, kijani na buluu iliyokolea. Ni ya kikosi cha jeshi cha siku nyingi, inavaliwa na kila mtu, na haionyeshi mchuzi upesi.

Kukaa nako kuna adabu yake. Kabla hujakaa, pitisha mkono nyuma toka makalio kwenda chini, uyalaze marinda, ndipo ukae. Wasichana wa shule waliovaa sketi za marinda wanakijua kitendo hiki tangu darasa la kwanza, nasi wanaume tunajifunza ukubwani. Magoti yawe pamoja, sporran ianguke katikati. Kwenye basi la ghorofa mimi sipandi juu, basi.

Halafu lile swali. Utaulizwa umevaa nini ndani, tena na watu wasiojua hata jina lako, na Ijumaa usiku mlevi anaweza kutaka kuhakikisha kwa mkono wake. Nilikuwa nikicheka. Siku hizi nasema hapana kwa sauti ya kusikika na kuondoka, kwa kuwa nguo haimpi mtu ruhusa. Na jibu ni bukta. Kwa Mwislamu hata hapana mjadala, uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti, na kilti inaishia palepale kwenye mpaka. Ukirukuu, pindo la nyuma linapanda. Siku za Ijumaa nabeba msuli wangu kwenye begi. Nikifika Msikiti Mkuu wa Glasgow naufunga juu ya kilti, nafungua bizimu kwa ndani, kilti inadondoka, naikunja naiweka kando. Ndivyo tulivyokuwa tukibadili nguo ufukweni Raskazone, na sikuwahi kudhani ujuzi ule ungenifaa Ulaya.

Usiifue kwenye mashine. Ikipata doa, futa kwa kitambaa chenye maji baridi. Ikinuka, itundike penye hewa usiku kucha. Mara moja kwa mwaka naipeleka kwa dobi anayesafisha bila maji, na kabla sijaipeleka nayashikiza marinda kwa mishono mirefu ya uzi ili yasipoteze mkunjo. Ukisafiri, ilaze, yapange marinda, uiviringe kwa urefu kama mkeka.

Kiangazi ukipanda milimani, jipake dawa ya wadudu miguuni. Kuna usubi huko wanaouita midge, wanakuja kwa maelfu, na wewe umewaletea magoti.

Mwisho ni pini. Kilti mbele ina tabaka mbili zilizolaliana, na ile pini kubwa ya pembeni huchomwa kwenye la juu peke yake. Mimi niliona upepo, nikajifanya mwerevu, nikachoma tabaka zote mbili zishikane. Siku hiyo hiyo nikainua mguu kupanda basi, pini ikakataa kuachia, sufu ikaachia. Nilishona mwenyewe kwa uzi wa kijani usiolingana vizuri. Picha niliyoituma nyumbani ilionyesha kiraka hicho mbele kabisa. Mjomba akaandika kwamba msuli wa Wazungu una mambo mengi. Mama hakusema lolote kuhusu kilti. Aliuliza nani aliyeshona vibaya namna ile.