Mgonjwa ana "mawazo", lakini ukimuuliza anasema hajambo

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya wilayani Chamwino. Nina mama wa miaka 48, ana kisukari, anatumia metformin na glibenclamide. Miezi minne sasa sukari yake inapanda na kushuka, halali, moyo unamwenda mbio usiku, na kliniki yetu ya Jumatatu ameikosa mara tatu. Nikimuuliza kama ana msongo wa mawazo ananijibu "namshukuru Mungu". Kwenye faili pameandikwa "stress" na amepewa diazepam, dawa ya kutuliza. Nataka kumwandikia mpango wa uuguzi wa kushindwa kukabiliana na msongo. Nimpimeje, na niandike nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kutoridhika na lile neno moja la kwenye faili. Nami nakuomba usiliandike tena kwanza, mpaka mwili wake uwe umeshapimwa.

Glibenclamide inaisukuma kongosho itoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Mwenye mawazo mara nyingi hali chakula. Anakunywa kidonge chake kwa utii, jioni anashindia chai ya rangi, halafu usiku sukari inashuka. Mwili unajihami kwa kumwaga adrenalini, naye anaamka na jasho, anatetemeka, moyo unadunda. Ukimsikiliza juujuu utasema ni wasiwasi. Kwa hiyo muulize: moyo ukianza kwenda mbio unatoka jasho? Ukinywa kitu chenye sukari unatulia? Jioni hiyo ulikula nini, saa ngapi? Ikiwezekana apimwe wakati hali hiyo ikimtokea. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, hapo huna kesi ya mawazo peke yake, una dozi ya kupitiwa na daktari haraka. Siku nyingine mambo hugeuka: homoni za msongo huliamuru ini limwage sukari kwenye damu, ndiyo maana unaona inapanda bila soda wala keki. Hali zote mbili zinaweza kuwa kwa mtu mmoja. Angalia pia wingi wa damu, presha, dalili za tezi ya shingo, na kwa umri wake usisahau ukomo wa hedhi, nao huleta joto na jasho la usiku.

Sasa kuhusu "namshukuru Mungu". Hilo ni jibu la adabu. Mama wa huku hawezi kukufungulia ya nyumbani kwake huku mlango uko wazi na jirani yake anamsikia toka kwenye benchi. Funga mlango, kaa chini, weka kalamu pembeni. Usimuulize kama ana msongo. Muulize habari za jana: uliamka saa ngapi, ukaanza na nini, nani alikuwepo, ulikula saa ngapi, ulilala saa ngapi. Mfuate jana nzima toka alfajiri, wala usimkatize.

Njia hii nilijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilimwandika mzee mmoja wa presha "hana ushirikiano", maana alilazwa mara tatu na vidonge havikuwa vikiisha. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akimwogesha ndiye alimuuliza siku zake huwa zinakwendaje. Kumbe tangu afiwe na mkewe alikuwa anakula mara moja kwa siku, akipikiwa na mjukuu mdogo, na sisi tulimwambia vidonge vyote vya siku ameze baada ya kula, asubuhi na jioni. Mlo mmoja, kidonge kimoja. Alikuwa ananitii mimi neno kwa neno.

Ukiisikiliza jana ya mama huyu, tega sikio kwa mambo matatu: mzigo wenyewe, anaubebaje, na nani yuko naye. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman waliliandika hili mwaka 1984: mtu hupima uzito wa jambo, kisha hupima alichonacho cha kulikabili. Ndiyo maana mvua ikikatika, uwele ukakauka kwa majirani wawili, mmoja analala na mwingine halali. Wa kwanza ana mwana mjini anayemtumia chochote, wa pili ana mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Hilo la mikopo liulizwe waziwazi, kwa sababu akina mama wengi huficha hata kwa waume zao. Namna ya kubeba nayo iko ya kujenga na ya kubomoa: kwaya, maombi, kumtembelea dada yake, au pombe, kujifungia ndani, kukopa huku ili alipe kule. Usimdharaulie maombi yake. Kama ndiyo yanayomnyanyua asubuhi, yaandike kwenye faili kama nguvu aliyonayo.

Kisha tumia yale maswali 9 ya PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kali), umsomee taratibu kama hasomi. Yanauliza wiki 2 zilizopita, jumla ni alama 27, na akifikisha 10 apimwe na daktari kwa ajili ya sonona. La tisa linahusu kufa. Usilipite mbio huku macho yako yako kwenye karatasi. Muulize kwa sauti ileile: "Mama, kuna wakati umeona afadhali usiwepo?" Akikubali, endelea: amefikiria kujiua, kwa njia gani, lini. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa ruhusa ya kulisema. Dawa za shamba ziko ndani ya nyumba nyingi huku, na vidonge vyake mwenyewe vya sukari ni hatari akivimeza vyote. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake, vitu hivyo viondolewe nyumbani, na apewe rufaa siku hiyohiyo. Mirembe, hospitali ya afya ya akili pale Dodoma, haiko mbali nanyi.

Kuandika sasa. Tatizo, chanzo, ushahidi. Kwa mfano, kama ndivyo utakavyoyakuta: "Kushindwa kukabiliana na msongo, kunakohusiana na deni na kukosa wa kumsaidia, kunakothibitishwa na kulala kwa muda wa saa 3 tu kila usiku, kuruka mlo wa jioni na kukosa kliniki mara 3." Usiandike chanzo ni kisukari, maana kisukari hutakiondoa kwa mpango wa uuguzi. Lengo nalo liwe la kuhesabika. "Msongo utapungua" halipimiki. "Ndani ya wiki 2 atakula mlo wa jioni siku 5 kati ya 7" linapimika.

Utekelezaji usiwe hotuba. Chagueni tatizo moja, yeye mwenyewe ataje hatua moja anayoiweza kabla hamjaonana tena, na wewe umuulize imekuwaje. Deni mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii, si kazi yako kumshauri alipe au asilipe. Mfundishe kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, humsaidia kutulia akiwa kitandani.

Diazepam zungumza na aliyemwandikia. Hukaa mwilini muda mrefu, humfanya asinzie mchana, na mtu huizoea upesi. Kama ameshaitumia kwa wiki kadhaa isikatwe ghafla, ipunguzwe kidogokidogo.

Na ile Jumatatu: kabla hujaandika kwamba anakosa kliniki kwa uzembe, muulize Jumatatu yake ina nini. Vikundi vingi vya mikopo vina siku maalumu ya marejesho. Ikiwa ndiyo hiyo, mpangie Jumatano.