Andikeni Kibao, Mwanangu

Mwanangu Rehema,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu. Sisi hapa hatujambo, mama yako anawasalimu sana.

Umeniuliza kama muweke kibao cha "Nyumba inauzwa" pale Tabata kabla hamjahamia Dodoma, kwa sababu mwenzio anaona haya, majirani watasema mmefilisika. Wekeni. Hayo maneno ya majirani ndiyo mnayoyahitaji. Anayetafuta nyumba mtaani mara nyingi ana mtu wake hapohapo: dada yake kapanga nyumba ya tatu, au shemeji yake ana duka pale kwenye kona. Jirani akisoma kibao jioni, usiku huohuo anampigia mdogo wake Mwanza. Mteja wa namna hiyo dalali hamjui.

Sisemi muwafukuze madalali, wapo wanaofanya kazi yao vizuri. Lakini ukimwachia dalali peke yake, ataweka cha juu. Wewe umesema milioni 80, mteja anatajiwa 95, anaondoka zake na wewe hujui hata kama alifika. Namba yenu ikiwa nje, mteja anazungumza na mwenye mali. Na msiandike "Madalali hawatakiwi", watawaharibia sifa ya nyumba kwa hasira. Akija na mteja wa kweli, mwe mmeshakubaliana malipo yake kwa maandishi.

Ukutani msiandike kwa rangi. Watu wa Dar wamezoea kusoma kuta kwa wasiwasi. Alama ya X nyekundu wanaijua, waliiona kwenye nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, zilizobomolewa mwaka 2017. Kwa hiyo nyekundu muiache kabisa. Tafuteni kipande cha bati, kipakwe nyeupe, fundi aandike kwa nyeusi herufi za sentimita 10 hivi. Mtu aliye mita 30 atasoma bila shida. Kifungwe juu ya geti kwa waya, mahali ambapo mkono wa mpita njia haufiki, maana matapeli hufuta namba ya mwenye nyumba wakaandika yao. Maneno yawe machache: NYUMBA INAUZWA. INA HATI. Namba moja ya simu, ya yule ambaye simu yake haizimwi. Bei msiiweke, mtu aje aone vyumba kwanza. Hayo maneno "ina hati" msiyasahau, kwa sababu nyumba nyingi za jirani zina leseni ya makazi tu, na mnunuzi makini hilo ndilo analouliza kabla ya maji na umeme.

Sasa lililo zito kuliko kibao chenyewe. Umeona zile kuta zilizoandikwa "Nyumba hii haiuzwi, epuka matapeli". Nyuma ya nyingi kuna ndugu au wanandoa ambao hawakukaa chini wakaelewana. Hati yenu ina jina la mumeo, lakini nyumba mnayoishi ni ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu kuiuza bila ridhaa yako. Basi andika ridhaa yako kwa wakili mapema, na mkwe wangu awaambie wadogo zake kwa mdomo wake mwenyewe. Wasije wakasoma habari za nyumba ya kaka yao getini. Mnunuzi atakwenda kufanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati, na pia atamuuliza mjumbe. Majibu yafanane.

Mkitangulia Dodoma kabla haijauzwa, msiiache tupu na kibao kikiwa juu, mtakuwa mmewaita wezi. Mwiteni binamu yako alale pale, funguo zibaki kwake, na wageni waje mchana tu.

Nitumie picha ya maandishi kabla fundi hajakipandisha, niangalie namba.

Baba yako