Jenereta za dizeli kwenye vinu vya nyuklia

Kaka, umeuliza kinu kinachozalisha umeme chenyewe kinataka jenereta ya dizeli ya nini. Kikizimwa, vijiti vya urani huendelea kutoa joto siku nyingi, na pampu za maji ya kupoozea zinataka umeme. Kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, chenye vinu kadhaa, Machi 2011, tetemeko lilikata umeme wa gridi (nyaya za taifa), jenereta zikawaka. Tsunami ikafuata, ikazizamisha, maana nyingi zilikuwa vyumba vya chini. Iliyobaki ikifanya kazi ni moja tu, ya kinu namba 6, iliyopoozwa kwa hewa, ikaokoa na namba 5. Hapa Mtwara tumezoea jenereta ya dukani ikohoe mara tatu ndipo iwake. Marekani, jenereta ya kinu cha nyuklia hujaribiwa kila mwezi, na lazima iwake ndani ya sekunde chache. Ila kwangu kanuni ya kwanza ni mahali: juu, mbali na maji, kila moja chumba chake.