Miji saba ya kusini mwa Ulaya kwa siku 14 za Julai: jibu la mtu wa Mombasa aliyekwenda mitatu

Ndugu yetu ameuliza kama yeye na mkewe, watakaoondoka Mombasa mwanzoni mwa Julai wakiwa na siku 14, wanaweza kuzunguka Lisbon, Madrid, Barcelona, Nice, Roma, Venice na Athens, na akaongeza kwamba jua haliwatishi kwa kuwa wao ni watu wa pwani. Kuhusu miji saba jibu langu ni fupi: ni mingi mno, ila labda kwa mtu anayependa kuangalia viwanja vya ndege. Kuhusu jua nitasema kwa urefu, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka miwili iliyopita nikifunga masanduku, na Sevilla, mji wa kusini mwa Hispania, ikanitia adabu.

Mimi na mume wangu tulikuwa na siku hizo hizo 14. Tulilala Lisbon siku tano, Sevilla tano na Granada nne, na Córdoba tukaifanya safari ya kutwa kutoka Sevilla, kwa kuwa treni ya mwendo kasi hufika huko kwa dakika 45 hivi. Tuliingilia Lisbon na kutokea Málaga ili tusipoteze siku kurudi tulikoanzia. Viza tuliiomba kwa Hispania ingawa tulitua Ureno kwanza, kwani kanuni ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ni kuomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue kiwango cha euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msingoje mpaka Juni.

Anzeni na Lisbon, kwa kuwa ni mji unaowapokea wageni taratibu: upepo wa Atlantiki huupoza hata Julai, ingawa vilima vyake vitawakumbusha magoti yenu, na vijiwe vyeupe vya njiani vimesuguliwa na nyayo za watu hata vikawa vinateleza kama sakafu iliyomwagiwa mafuta. Tramu nambari 28, ambayo kila mgeni huipanda, imejaa wachopozi. Sisi tuliipiga picha tukaenda zetu kwa miguu. Jioni ya kwanza tuliingia mkahawani, na mhudumu akatuuliza jambo ambalo sikulielewa ila neno moja, «meza». Walitamka vivyo hivyo, kwa zeta, kama tunavyotamka nyumbani. Mume wangu akacheka, akaanza kuhesabu mengine waliyotuachia: bendera, kasha, leso, mvinyo, na gereza, ambalo kwao ni kanisa. Samaki wao wanaojivunia, huyo anayeitwa bacalhau, ni ng'onda kwa maana yote ya neno, na mtu aliyekula ng'onda wa nazi hatashangazwa naye.

Kitu kimoja cha Lisbon msikikose. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Sanaa ya Kale kipo chombo cha dhahabu cha ibada ya Kikatoliki, kilichotengenezwa mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Dhahabu yake ilikuwa kodi aliyotozwa mtawala wa Kilwa, na Vasco da Gama ndiye aliyeifikisha Lisbon mwaka 1503. Kimechongwa mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba, na nyuso zao zinatofautiana. Nilisimama mbele ya kioo kile kwa muda mrefu, nikikistaajabia chombo na huku moyo ukinikataza. Kaburi la da Gama mwenyewe liko katika kanisa la Jerónimos, mtaa wa Belém, limechongwa merikebu ubavuni. Sikumwombea dua, na watu wa Mvita watanielewa.

Kutoka Lisbon hadi Sevilla hakuna treni ya moja kwa moja, kwa hivyo tulipanda basi. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nawaomba msilirudie. Tuliondoka saa tisa alasiri, safari ya saa saba, tukapiga hesabu ya kufika saa nne usiku, na ndivyo tulivyomwandikia mwenye nyumba tuliyoikodi. Tulisahau kwamba Hispania iko saa moja mbele ya Ureno. Tulipofika mlangoni ilikuwa imepita saa tano, mwenye nyumba amekwisha kwenda zake na simu haishiki. Tulikaa juu ya masanduku katika kichochoro kisichozidi upana wa vile vya Mji wa Kale, nikijiandaa kuogopa, kisha nikatazama huku na huku nikaona hapana cha kuogopa: majirani wametoa viti nje wanaongea, watoto wanacheza mpira karibu na usiku wa manane, na bibi mmoja mwenye pepeo mkononi akatuletea chupa ya maji baridi bila ya kuuliza sisi ni nani. Alipiga simu mahali, na baada ya nusu saa ufunguo ukafika. Usiku ule nilidhani tumebahatika kukuta sherehe, kumbe ndiyo saa zao za kuishi.

Kesho yake tuliijua sababu. Tulitoka saa nane mchana kwenda uwanja wa Plaza de España, mimi nikiwa na mtandio na kiburi changu cha kipwani. Joto la Mombasa lina unyevu. Unatoka jasho, na jasho lenyewe linakuonya. La Sevilla ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, nawe ukadhani u mzima mpaka kichwa kinapoanza kugonga. Maduka ya dawa ya huko yana msalaba wa kijani wenye taa unaoonyesha saa na nyuzi za joto, na wa mtaa ule ulisoma 42. Barabara ilikuwa tupu, milango imefungwa, na viumbe waliokuwa juani ni sisi na farasi wa mikokoteni ya watalii.

Jambo ambalo halikunipitikia ni kwamba saa za Hispania zimepotoka na jua. Nchi iko magharibi kabisa lakini hufuata saa za Ulaya ya kati, na wakati wa joto husogezwa mbele tena, hivyo jua la Sevilla hufika utosini karibu na saa nane na nusu mchana. Maana yake ni kwamba saa kumi na moja, ambayo kwetu ni wakati wa kutoka kupunga upepo, kwao ndiyo kilele cha joto. Magharibi huingia karibu na saa nne kasorobo usiku, na Isha saa tano imepita. (Sisi tulikuwa wasafiri, tukapunguza na kukusanya swala, wenye kuswali kila kipindi kwa wakati wake wajue usiku utakuwa mfupi sana.) Kuanzia siku ile tulitoka saa mbili asubuhi, tukarudi saa saba, tukafunga madirisha na mbao zake, tukalala, tukatoka tena baada ya saa mbili usiku. Ndiyo sababu nasema miji saba haiwezekani: kila siku ya Julai huko ina saa tisa au kumi tu za kutembea, na mkizitumia saa za kulala kupanda treni, mtafika kila mji mkiwa wagonjwa.

Córdoba tulikwenda kwa treni ya alfajiri kwa ajili ya msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785, ambao umekuwa kanisa tangu 1236. Tulipokwenda sisi, saa ya kwanza ya asubuhi ilikuwa bure na hairuhusu makundi, na kimya chake ni tofauti kabisa na kelele za saa nne. Nguzo zilizobaki ni 856, matao mekundu na meupe yanafuatana mpaka macho yanachoka, halafu ghafla katikati linasimama kanisa kuu la karne ya 16. Kuswali Kiislamu humo hakuruhusiwi. Tulisimama mbele ya mihrabu mikono ikiwa chini, mume wangu akasoma Kufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya ukutani kwa sauti ya ndani, tukatoka. Mchana, mkila salmorejo, ile supu baridi nzito ya nyanya na mkate, semeni mapema «sin jamón», kwa maana huinyunyizia vipande vya nyama ya nguruwe.

Alhambra, ngome ya Granada, inunuliwe tikiti miezi miwili kabla. Tikiti huandikwa majina yenu, pasipoti huangaliwa, na kuingia majumba ya Wanasri, wafalme wa mwisho wa Kiislamu wa huko, kuna nusu saa yake maalumu, ukichelewa umeikosa. Humo kutani mmeandikwa mara zisizohesabika kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, na wenyewe walishindwa mwaka 1492. Jioni pandeni mtaa wa Albaicín, kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, ambao bustani yake inatazamana na ngome ile ng'ambo ya bonde. Usiku wa Granada hupoa kwa sababu ya mlima, hata nilitafuta sweta.

Mkitaka mji wa nne, chukueni Cádiz, saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka Sevilla, yenye bahari pande karibu zote. Roma na Athens ziacheni kwa likizo nyingine, tena ya Oktoba.

Na mkeo asiache leso nyumbani. Yangu niliilowesha kwenye bomba la bustani kila asubuhi, nikaikamua, nikaitupia mabegani, nayo ilikuwa imekauka kabla hatujafika mwisho wa mtaa. Siku ya tatu mume wangu aliomba kipande cha pili cha doti, akajifunga kichwani mbele ya watu wote wa Sevilla.