Ushauri nasaha msituni: ni tiba au ni matembezi tu?

SWALI: Nimekuwa nikipata ushauri nasaha tangu nilipofiwa na mume wangu. Sasa mtaalamu anayenihudumia amependekeza tuwe tukizungumza huku tukitembea katika Msitu wa Karura badala ya kukutana ofisini. Dada yangu ananicheka kwamba nitakuwa nikilipia matembezi. Je, njia hii ina manufaa ya kweli?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Pole sana kwa msiba uliokufika, dada. Unachopendekezewa ni ushauri nasaha ule ule, wenye malengo yale yale, ila mtakuwa mmeandamana badala ya kutazamana. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ina uzito kuliko hata miti yenyewe, kwa sababu mfiwa anayekosa la kusema akikodolewa macho chumbani mara nyingi hufunguka akiwa na mtu ubavuni mwake, mahali ambapo kunyamaza kwa muda hakumfanyi ajione ameshindwa kujibu.

Miti nayo ina sehemu yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwatembeza watu kwa dakika 90, baadhi yao penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea penye miti walieleza kwamba ile tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya kujihusu ilikuwa imepungua, na picha za ubongo zilionyesha utulivu katika sehemu inayohusishwa nayo, ilhali wenzao wa barabarani hawakupata badiliko hilo. Hata hivyo, hao walikuwa watu wasio na ugonjwa wa akili, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba msitu peke yake unaponya mfadhaiko. Ikiwa unatumia dawa, usiziache bila idhini ya daktari. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali mara moja, usingoje siku ya matembezi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni faragha. Karura, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania katika miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi, leo hupendwa na wengi, hasa wikendi, na hukosi kukutana na jirani au mtu wa kanisani kwenu. Kubalianeni mapema mtachagua siku na njia ipi isiyo na watu wengi, mtasema nini mkisalimiwa na mnayemfahamu, na mtafanyaje mvua ikinyesha au ukizidiwa na machozi. Mwendo uwe wako, si wake: ukianza kuhema, mazungumzo yatakatika.

Mweleze dada yako kwamba kinacholipiwa ni utaalamu wa anayekusikiliza. Usipoona nafuu baada ya kujaribu, una haki ya kuomba mrudi ofisini, wala huhitaji kumwonea haya mtaalamu wako.