Umeme ukishuka hadi volti 180, birika linakula ampea ngapi?

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Konde. Umesema birika lako la umeme huchelewa kuchemka kila magharibi, ukipima soketi unakuta volti 180, na fundi kakwambia umeme ukipungua birika huvuta ampea nyingi zaidi mpaka linaungua. Unataka uione hesabu yake. Mimi kazi yangu ni kutandika waya majumbani, hapa Pemba, Wete na vijiji vya jirani, na maneno hayo ya fundi wako nayasikia kila siku. Kwa friji yana ukweli ndani yake. Kwa birika hayana.

Ligeuze birika usome kibandiko cha chini. Mengi yanayouzwa huku yameandikwa 220–240V, 1850–2200W. Kanuni unazozihitaji ni zile za skuli: volti ni ampea mara omu, yaani kipimo cha ukinzani, jinsi waya unavyouzuia umeme kupita (Georg Ohm, Mjerumani, aliichapisha mwaka 1827), na wati ni volti mara ampea. Ukizioanisha unapata kwamba omu ni volti mara volti, ugawe kwa wati. Basi 220 × 220 ÷ 1850 ni 26.2. Fanya na namba za upande wa pili: 240 × 240 ÷ 2200, inatoka 26.2 vilevile. Kumbe kibandiko chote kinaelezea koili moja tu, ule waya wa ndani unaopasha maji, yenye ukinzani wa omu 26.2, na wati zinapanda na kushuka kwa kufuata volti unazoipa.

Sasa ipe 180. Ampea ni 180 ÷ 26.2, yaani 6.9. Kwa volti 230 zingekuwa 8.8. Zimepungua, hazikuongezeka. Wati ni 180 × 6.9, kama 1240 hivi, badala ya 2020. Volti zimeshuka kwa asilimia 22 hivi lakini moto umeshuka karibu kwa asilimia 40, kwa sababu volti ikianguka inaanguka na ampea zake. Lita moja na nusu ya maji ya bombani ingechemka kwa dakika nne kasoro. Kwako itachukua sita na ushee. Birika haliungui kwa hilo, wewe ndiye unayechoka kusubiri chai.

Friji ni jambo jengine. Mota ya kompresa haina tabia ya koili. Volti zikipungua inahangaika kuzunguka, pengine inakwama, na hapo ampea hupanda kweli na waya wake hupata moto. Kwa friji nunua kinga ya volti, na usitegemee volti mara ampea ikupe wati zake halisi, kwa kuwa kwenye mota jibu la kuzidisha hivyo huwa kubwa kuliko wati zinazotumika.

Kabla hujalaumu laini, lakini, pima pahala pawili. Nilikwenda nyumba moja iliyokuwa na lalamiko kama lako. Birika likiwa linachemsha, kwenye mita kulikuwa na volti 226, jikoni uani 204. Mita ya kubana, ile inayobanwa juu ya waya kupima ampea, ilisoma 7.8. Volti 22 zimekwenda wapi? Zimebaki njiani. 22 ÷ 7.8 ni omu 2.8, huo ndio ukinzani wa waya wenyewe. Na 22 × 7.8 ni wati 172, zinazopasha waya uliopitishwa chini ya mkeka! Ulikuwa waya mwembamba wa spika, umeungwa kwa utepe mara mbili. Nilipoushika ulikuwa vuguvugu, na kwenye kiungo huwezi kuweka kidole. Wati hizo zimeshapita mita, kwa hiyo mwenye nyumba anazilipia uniti. Nilimtandikia waya wa milimita mraba 2.5 na kiungo hakuna.

Upungufu ukiwa kabla ya mita huulipii, ila huna la kufanya zaidi ya kupeleka taarifa. Nyumba za mwisho wa laini ndefu ndizo zinazoumia, khasa Ramadhani jioni, kila jiko limewashwa kwa futari.

Kuhusu kupima: mita ya kubana bana waya mmoja tu, wa moto, yaani ule unaoleta umeme. Ukibana zote mbili pamoja itasoma sifuri na utasema mita mbovu. Omu zipimwe birika likiwa limechomolewa. Usijaribu kupima omu kwenye kitu chenye umeme, utaiua multimita, na pengine wewe pia. Halafu usiamini omu za globu ya zamani ya uzi ikiwa baridi. Ya wati 60 kwa hesabu ni omu 880 ikiwaka, lakini ukiipima mezani utapata chini ya 100, kwani uzi wake ukipata moto ukinzani huongezeka mno. Koili ya birika haina mchezo huo, tofauti yake ni ndogo.

Leo magharibi pima volti kwenye mita birika likiwa limezimwa, tena likiwa limewashwa, kisha volti za soketi ya jikoni likiwa bado linachemsha. Ziandike hapa zote tatu, na unene wa waya uliopita jikoni ikiwa unaujua, tutazame volti zako zinapotelea upande gani.