Mtafiti, Wasilisha Ombi Kwanza, Kongamano Baadaye

Watafiti wanaofanyia kazi zao Lamu na Malindi, wawe wa Chuo Kikuu cha Pwani, wa Nairobi au wa ng'ambo, wana mazoea mamoja. Kifaa kikianza kufanya kazi tu, ikisiri inatumwa kongamanoni, picha zinapandishwa Facebook, na ofisi ya chuo inayoshughulikia mali bunifu inaarifiwa mwisho kabisa. Kufikia hapo haki ya kupata hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wako) Ulaya mara nyingi imeshapotea, na ya Kenya imeanza kuhesabiwa siku.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inataka mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani hiyo angelifikia kwa urahisi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Ni hilo la kwanza linalowaponza wengi. Kenya inampa mvumbuzi miezi 12: akiwa ametangaza mwenyewe, anaweza bado kuwasilisha ombi ndani ya muda huo. Marekani nayo inatoa mwaka mmoja. Ulaya haina huruma hiyo, ila kwa mambo machache sana, kama vile mtu kukuibia siri akaitangaza. Kwa hiyo ukisikia mwenzako anasema "tuna mwaka mzima", muulize ni mwaka wa nchi gani.

Na kutangaza si kuchapisha jaridani peke yake. Bango la kongamano ni tangazo. Tasnifu iliyowekwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo ni tangazo, hata ikiwa haijasomwa na mtu. Kuwaonyesha wavuvi kifaa ufukweni, watu wakazunguka wakakigeuza huku na huku, ni tangazo pia, maana hakuna aliyefungwa na ahadi ya siri. Dawa yake si kunyamaza kabisa. Unaweza kueleza matokeo bila kueleza namna: kama kifaa chako kinakausha samaki, sema samaki amekauka kwa siku chache kuliko kawaida, usiseme ni sehemu gani ya kifaa iliyofanya kazi hiyo. Tasnifu iombewe kufungwa kwa muda, na ombi la kuifunga lipelekwe kabla ya kukabidhi nakala ya mwisho, kwa sababu maktaba nyingi hupandisha faili bila kuuliza mara mbili. Watahini watie sahihi ahadi ya siri kabla ya kuipokea tasnifu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate. Mtafiti ametengeneza kikaushio cha jua cha ng'onda, yaani samaki wa chumvi wa kuanikwa, kwa ajili ya msimu wa kusi. Tatizo lenyewe linajulikana na kila anayeanika samaki Lamu: samaki wa chumvi hukauka mchana, usiku akarudi kuwa mnyevu. Mchawi ni chumvi. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani. Kikaushio hiki kina kibao kinachoziba tundu la hewa chenyewe, bila umeme, kwa kuvutwa na ukanda wa mbao unaopinda hewa inapokuwa na unyevu mwingi.

Kabla ya kushangilia, tafuta kama kuna aliyekutangulia. Espacenet na Patentscope, hifadhi za hataza za mtandaoni, ni za bure. Usitafute kwa maneno peke yake, kwa sababu mwenzako wa Japani au Brazil hakukiita kifaa chake kwa jina unalolijua wewe. Tafuta kwa alama za uainishaji wa kimataifa: F26B 3/28 ni ukaushaji kwa mionzi kama ya jua, A23B 4 ni kuhifadhi nyama na samaki. Kama kazi yako ni ya malema, yaani mitego ya samaki, anzia A01K 69. Na usiishie kwenye hataza; makala za kisayansi nazo zinauondolea uvumbuzi sifa ya kuwa mpya. Mtu anayekuja leo na lema lenye mwanya wa kuwatoa samaki wadogo atakuta jambo hilo limeshajaribiwa katika maji ya Kenya na kuchapishwa zamani. Kwa kikaushio chetu, mtafiti atagundua haraka kwamba mbao kupinda kwa unyevu ni jambo la kale. Kinachoweza kuwa kipya ni kuziunganisha mbao hizo na tundu la hewa la kikaushio cha samaki, kwa kiwango cha unyevu kilichochaguliwa kwa sababu ya chumvi.

Hapo ndipo uandishi wa madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile unachotaka kilindwe, unapokuja, na ndiyo sehemu inayostahili kulipiwa wakala wa hataza aliyesajiliwa. Dai la "kikaushio cha samaki kinachotumia jua" litakataliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu vipo vingi. Dai la maana linasomeka hivi: "Kikaushio cha samaki chenye sanduku, trei na tundu la hewa, ambapo tundu hilo lina kibao kinachofungwa na ukanda wa tabaka mbili za mbao zenye nyuzi zinazokatana, ukanda huo ukipinda hewa ya nje inapofikia unyevu wa asilimia 65 hadi 75." Aina ya mbao usiitie hapo. Ukiandika "mbao ya mkoko" kwenye dai kuu, mshindani atatumia mninga na atakuponyoka huku anacheka. Aina ya mbao, unene wa ukanda na mahali pa tundu viende kwenye madai ya pili na ya tatu yanayoegemea lile kuu. Lakini kwenye maelezo mwaga kila kitu: mbao zote ulizojaribu, vipimo vyote, hata umbo ambalo hukulitengeneza ila unajua litafanya kazi. Ombi likishawasilishwa, jambo jipya haliongezwi.

Sasa suala la nani mvumbuzi, ambalo Lamu lina uzito wake. Mtafiti alikuja na ukanda wa tabaka mbili, nyuzi zote zimelala upande mmoja, haukupinda. Akampelekea fundi wa majahazi kule Matondoni amrandie vipande vingine, na fundi akamwambia: "Mwanangu, hivi hautapinda mpaka Kiyama. Huu wa pili geuza nyuzi zake zikate." Neno hilo limo ndani ya dai kuu. Fundi huyo ni mvumbuzi mwenza, awe amesoma au hakusoma. Angekuwa amerandia tu kama alivyoelekezwa, asingekuwa. Kipimo ni mchango wa wazo lililomo kwenye madai. Jasho, vifaa na fedha havihesabiwi. Kwa kipimo hicho hicho, mkuu wa idara aliyetia sahihi bajeti naye si mvumbuzi, ingawa kumwambia hivyo kunataka adabu na subira. Kumwacha mvumbuzi halisi nje, au kumtia asiyehusika, ni mlango wa kesi baadaye.

Ndiyo maana daftari lina kazi. Liwe la kushonwa, kurasa zina nambari, wino usiofutika, tarehe kila siku, na mistari mitupu imekatwa. Shahidi atie sahihi, naye awe mtu anayeielewa kazi lakini hana mkono katika uvumbuzi. Daftari halitakushindia mbio za tarehe. Kenya haki ni ya aliyewasilisha kwanza, na hata Marekani imefuata njia hiyo tangu Machi 2013. Litakachofanya ni kuonyesha nani alisema nini. Siku ya Matondoni iandikwe humo, kwa maneno ya fundi mwenyewe. Na kabla hajaonyeshwa kitu, atie sahihi mkataba wa siri wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, usomwe mbele yake.

Umiliki ni jambo jingine mbali na uvumbuzi. Mwajiriwa akivumbua katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, haki ya hataza ni ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo angalia alichotia sahihi: fomu ya kujiunga, barua ya ufadhili, sera ya mali bunifu ya chuo. Fundi hajatia sahihi chochote kinachokipa chuo haki yake, na haki yake inabaki yake mpaka aihawilishe kwa maandishi. Chuo kishirika cha ng'ambo kikiwa ndani, makubaliano ya umiliki yafanywe kabla sampuli au michoro haijavuka mpaka.

Ombi linapelekwa KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, Nairobi. Kwa kikaushio kama hiki sisi tungeanza kwa kufikiria cheti cha modeli ya matumizi, yaani hataza ndogo: hakidai uvumbuzi uwe wa hali ya juu, unatosha uwe mpya na unatumika, nacho kinadumu miaka 10. Hataza kamili ni miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha. Ukichagua hataza kamili, shika kalenda. Miezi 12 ya kwanza ndiyo ya kuomba nchi nyingine ukidai tarehe yako ya awali, ama moja kwa moja, ama kupitia ARIPO ya Harare, shirika la mali bunifu la nchi kadhaa za Afrika, ama kwa ombi la kimataifa la PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza. Mwezi wa 18 ombi linachapishwa. Kwa aliyepitia PCT, nchi nyingi humtaka aingie rasmi mwezi wa 30, na hapo ndipo gharama inapouma: wakala na tafsiri kila nchi. Ombi la kuchunguzwa kwa kina KIPI lifanywe ndani ya miaka mitatu. Ada za kila mwaka zisipolipwa haki inakufa, na vyuo hulisahau hili mtafiti mkuu akihama. Ukiona kifaa hakijawa tayari na hujatangaza popote, unaweza kuliondoa ombi kabla ya kuchapishwa ukawasilisha upya, ila tarehe ya mwanzo utaiaga.

Kama uvumbuzi unatokana na mti, mdudu au elimu ya wazee, usianze na KIPI. Kibali cha utafiti kinatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kuchukua rasilimali za kijenetiki NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ya 2016 inataka ridhaa ya jamii yenyewe kabla ya kuyatumia. Mwarobaini unaotupa kivuli hapa Malindi umewahi kuwa kesi: Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza ya kutumia mafuta yake dhidi ya kuvu, ikaifuta mwaka 2000 baada ya kuonyeshwa kwamba matumizi hayo yalikuwa yakijulikana India, na rufaa ikaanguka 2005. Nawe ukiandika kama ugunduzi wako dawa ambayo bibi yako anaichemsha, unajenga juu ya mchanga huo huo.

Mwisho ni mapato. Sera za vyuo hutaja asilimia ya mvumbuzi, lakini soma neno linalofuata: ya mapato ghafi au ya mapato halisi? Ikiwa halisi, taka orodha ya makato iandikwe, la sivyo wakala, safari na semina vitaimaliza sehemu yako. Leseni kwa kampuni itaje nchi, muda wa kuanza kuuza, na kwamba haki inarudi chuoni muda huo ukipita kimya. Sehemu ya fundi iandikwe humo kwa jina na nambari ya kitambulisho, pamoja na kifungu kinachosema inarithiwa. Miaka 20 ni mingi kwa mzee wa Matondoni, na ofisi ya fedha ya Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi haitajua pa kupeleka hela mpaka mkataba useme kwamba zitalipwa warithi waliothibitishwa na Mahakama ya Kadhi.